Urefu wa Mkono

Utotoni kwangu Handeni, maji yalikuwa kitu cha kubeba kichwani. Kuingia ndani yake hakukuwepo. Alfajiri tulishuka lamboni na madumu, tukachota kwa kata taratibu ili tusitibue tope, tukarudi jua likiwa limepanda. Mama alikuwa na sheria moja tu: mtoto anaishia pale udongo unapoanza kulainika. Ukivuka hapo, unachapwa. Hakutufundisha kuogelea kwa sababu naye hakufundishwa, wala mama yake. Kwenye ardhi kavu ile ya Wazigua, ambako maji ya bomba huvutwa kutoka mbali Mto Pangani, nani angechezea maji?

Kisha nikaolewa Korogwe. Barabara ya lami kutoka Handeni ni kilomita 65 hivi, lakini nilijiona nimehamia nchi nyingine. Huku mto wenyewe unapita, mashamba ya mkonge yamenyooka hadi miguuni pa milima ya Usambara, na mpunga unamea. Ila mtoni kuna mamba, kwa hiyo huku nako watoto wengi wanakua wakiyaogopa maji au, vibaya zaidi, wakiyaendea kwa siri. Mimi nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 31, baharini Tanga, pale Raskazone. Aliyenifundisha ni wifi yangu, mzaliwa wa Pangani.

Siku inayonifanya niandike haya ilikuwa Jumapili. Tulikuwa kwenye nyumba ya wageni yenye bwawa dogo, moja ya zile zilizo kando ya barabara kuu ya Arusha. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Alikaa kwenye ngazi ya bwawa, maji kiunoni, akichezea kikombe. Simu ikaita, nikaitazama nijue ni nani. Nilipoinua macho wifi alikuwa ameshaingia majini na gauni lake, na mwanangu yuko mikononi mwake, anakohoa.

Kikombe kilikuwa kimeelea, akakifuata. Hatua moja tu. Wifi ndiye aliyenieleza alichokiona: kichwa kimelala nyuma, mdomo unachungulia juu ya maji kisha unazama, mikono inasukuma maji pembeni kama mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo. Hakuniita. Watu waliokuwa wakila chipsi mita tatu kutoka pale hawakusikia kitu. Nilikuwa nikidhani mtoto anayezama atapiga kelele, kwamba masikio yangu yatanisaidia pale macho yakichoka. Sivyo. Mwili unaotafuta pumzi hauna pumzi ya kupigia kelele.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nikisoma namba hiyo naona kikombe kile.

Tangu siku hiyo tuna kanga nyekundu. Tukienda bwawani, mtu mzima mmoja anaivaa begani. Aliyeivaa hali, hapigi soga, hagusi simu. Kazi yake ni kutazama tu. Baada ya robo saa anaivua, anamvika mwenzake mkono kwa mkono na kumwambia kwa sauti, "Sasa ni wewe." Watu kumi wakiwa wanatazama kwa pamoja, kila mmoja anaamini mwenzake anatazama. Na kwa mtoto asiyejua kuogelea kutazama hakutoshi. Mtu mzima awe ndani ya maji, umbali usiozidi urefu wa mkono. Maboya ya kupuliza ya mikononi hayabadilishi hilo, maana huvuja, huchomoka, na humpa mtoto ujasiri ambao hajaufanyia kazi.

Kabla hatujaingia natazama sakafu ya bwawa. Nisipoiona vizuri, tunarudi nyumbani, hata kama tumeshalipa kiingilio. Nguo ya kuogelea ya bluu simvalishi mtoto tena, kwa sababu ndani ya maji ya bluu inapotea. Nilimnunulia ya rangi ya chungwa.

Kumfundisha nilianzia kwenye beseni la kuogea. Tulipuliza mapovu, tukashindana nani ana mapovu mengi, mpaka akaacha kushtuka maji yakimgusa pua. Bwawani tukaanza na ukingo: kushika, kupiga miguu, kutembea kwa mikono kuzunguka bwawa lote kama kaa. Halafu kuelea chali. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nilimwekea kiganja chini ya kisogo, sikio langu karibu na lake, nikamwambia atafute ndege angani. Siku ya kwanza alikaza shingo, akalia. Sikumlazimisha, wala sikumrusha majini "azoee", kama baadhi ya akina baba wanavyofanya. Mtoto aliyerushwa anajifunza kutokukuamini. Midomo ikianza kutetemeka tunatoka, hata kama ni dakika kumi tu. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni hili: anaruka kutoka ukingoni, anageuka, anarudi kushika ukingo alikotoka. Mafunzo kamili ya mitindo yanaweza kusubiri hadi miaka sita hivi. Kugeuka na kushika kusisubiri.

Wapo wanaoniambia kuogelea si kwa mtoto wa kike. Huwatajia Nungwi, Unguja, ambako mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa na mavazi marefu ya stara.

Lakini nyumba nyingi za Handeni na Korogwe hazitaliona bwawa la hoteli. Bwawa lao ni ndoo, pipa, diaba, shimo lililochimbwa tofali likajaa mvua za masika. Kichwa cha mtoto anayeanza kutembea ni kizito kwa mwili wake. Akiinama kwenye ndoo akatumbukia, hawezi kujitoa, hata maji yakiwa machache. Kwangu ndoo ikiisha kazi inapinduliwa, pipa lina mfuniko, shimo linafukiwa. Lamboni kuna kichocho pia, kwa hiyo si mahali pa kumfundishia mtoto hata akiwa na mlinzi.

Na dumu lile lile la utoto wangu nimelipa kazi mpya. Dumu tupu la lita 20, mfuniko umekazwa, linaelea. Mtu mzima akilikumbatia, kichwa kinabaki juu. Nimelifunga kamba, linakaa karibu na kisima chetu. Asiyejua kuogelea asijitose kumfuata anayezama, amtupie dumu, amnyooshee mti. Mtoto akitolewa hapumui, msimgeuze kichwa chini miguu juu, wala msimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano, kisha mbonyeze kifua mara 30 na pumzi mbili, bila kukoma, huku mwingine akiita msaada. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Desemba iliyopita Mama alikuja kututembelea kutoka Handeni. Tukaenda naye bwawani. Alisimama muda mrefu akiyatazama maji yale yote yasiyochotwa na mtu, kisha akaketi kwenye kigoda ukingoni. Mimi nilikuwa majini na mtoto, nikamwomba wifi amvike kanga nyekundu. Robo saa ikapita, wifi akamfuata kumpokea. Mama akakataa kuivua. Simu yake ikaita mfukoni, ikaita tena, hakuigusa.

"Bibi, nitazame!" mtoto akapaza sauti, amelala chali, mikono wazi.

"Nakutazama tangu ulipoingia, mjukuu wangu."