Uingereza: Vita vya Fulford vyashonwa kwenye kitambaa ili visisahauliwe

Wakaaji wa Fulford, kando ya mji wa York kaskazini mwa Uingereza, wametumia sindano na uzi wa sufu kusimulia vita vilivyopiganwa kwao tarehe 20 Septemba 1066.

Siku hiyo mfalme wa Norwe, Harald Hardrada, aliwashinda Edwin na Morcar, ndugu wawili waliotawala majimbo ya Mercia na Northumbria. Waingereza wengi waliuawa, wengine wakafa maji. Pamoja na Wanorwe alikuwepo Tostig, ndugu wa mfalme Harold wa Uingereza, aliyefukuzwa Northumbria mwaka mmoja mbele.

Siku tano baadaye, Harold aliwashambulia kwa ghafula kwenye Stamford Bridge. Hardrada na Tostig wakauawa. Merikebu zilizokuja zilikuwa kama 300. Zilizowarudisha waliobaki hai zilikuwa 24 tu.

Lakini tarehe 14 Oktoba, Harold naye aliuawa kule Hastings, kusini, akipigana na William wa Normandy. Jeshi lake lilikuwa limechoka, na askari wa kaskazini walikuwa wamekwisha pungua kule Fulford.

Ushindi wa William umeonyeshwa kwenye kitambaa maarufu cha Bayeux, mali ya Ufaransa, chenye urefu wa karibu metre 70. Watafiti wengi wanaamini kilishonwa na mafundi Waingereza, yaani watu wa upande ulioshindwa. Fulford haimo, wala Stamford Bridge.

Ndiyo maana washonaji wa Fulford waliiga mtindo uleule. Nyuzi za sufu hupangwa sambamba juu ya kitani hadi zijaze umbo la farasi, ngao au merikebu, kisha nyuzi nyingine hupita juu yake kuzishikilia. Ni broderi, ingawa wengi huiita zulia la ukutani.

Kazi hiyo ina uzito wa pekee. Uwanja wa Fulford haumo katika orodha rasmi ya viwanja vya vita vinavyotambuliwa nchini humo, na serikali iliruhusu nyumba zaidi ya 600 zijengwe mahali ambapo watetezi wa historia wanasema ndipo damu ilimwagika.

Ardhi ikifunikwa na nyumba, kitambaa kitabaki kuwaonyesha watoto wa Fulford yaliyotokea kwao.