Unaenda Las Vegas? Hesabu Kwanza Pesa Zitakazozuiwa

Si kila Mkenya anayeenda Las Vegas anaenda kubeti. Kuna wanaoenda maonyesho ya teknolojia ya CES kila Januari, kuna wanaoenda harusi ya ndugu aliyehamia Marekani, na mashabiki wa Shujaa bado wanaikumbuka miaka ya 2010 hadi 2019, raga ya wachezaji saba ilipokuwa ikichezwa uwanja wa Sam Boyd. Wote hawa, hata yule asiyegusa mashine ya sloti, hukutana na jambo moja mapokezi: sehemu ya pesa zao inazuiwa kabla hawajapewa ufunguo wa chumba.

Tuanzie hapo, maana ndipo bajeti nyingi huharibikia.

Ukifika hotelini utaombwa pasipoti na kadi. Mbali na bei ya chumba, hoteli huzuia kiasi fulani kwa kila usiku, kama dhamana ya vitu unavyoweza kutumia ukiwa pale. Pesa hizo hujazilipa, lakini pia huwezi kuzitumia. Kila hoteli ina kiwango chake. Dola 50 hadi 100 kwa usiku ni kawaida. Tuseme ni dola 100 na unalala siku nne. Hizo ni dola 400. Tukichukua Sh130 kwa dola, ni Sh52,000 zimekaa tu. Kama ulikuwa umebeba Sh80,000 kwenye kadi, umebaki na Sh28,000 za kula, teksi na zawadi za watu wa nyumbani.

Na usitarajie kuzipata siku unayotoka. Hoteli ikishaziachilia, benki inaweza kuchukua siku kadhaa za kazi, wakati mwingine wiki au zaidi, kabla salio lako halijarudi sawa. Mwenye kadi ya mkopo hupunguziwa tu kiasi anachoweza kukopa. Wewe unayetumia kadi iliyounganishwa na salio lako, zinazozuiwa ni pesa zako zenyewe.

Tuseme ukweli hata kama huduma za simu ndiyo biashara yetu: kadi pepe iliyo kwenye simu inafaa sana kulipia tiketi na kuweka nafasi mtandaoni, lakini hoteli nyingi za huko zinataka kadi ya kushikika, yenye jina linalofanana na la pasipoti. Iandikie hoteli barua pepe kabla ya kusafiri, uliza maswali mawili: mnazuia kiasi gani kwa usiku, na mnakubali kadi ya aina gani? Jibu lao liweke kwenye simu.

Bei yenyewe ya chumba nayo ina historia. Kwa miaka mingi ungeona chumba cha dola 49, halafu mwishoni unakuta "ada ya risoti" ya dola 50 kwa usiku, kubwa kuliko chumba! Tangu Mei 2025, sheria ya Marekani inataka ada za lazima ziwe ndani ya bei unayoonyeshwa mwanzo. Kodi bado inaweza kuongezwa baadaye, na kwa hoteli za barabara kuu maarufu, ile Strip, ni karibu asilimia 13. Kwa hivyo subiri uone jumla ya mwisho ndipo ubonyeze kulipa.

Kuhusu pesa taslimu, epuka ATM zilizo ndani ya kasino. Nyingi hukata dola 8 hadi 10 au zaidi kwa kutoa mara moja, yaani zaidi ya Sh1,000, kabla benki yako haijakata yake. Tembea hadi kwenye benki, toa mara moja kiasi cha kutosha. Mashine ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi za Kenya, kataa, chagua dola. Kiwango chao cha kubadilisha huwa kibaya. Noti za dola moja moja zihifadhi kwa bakshishi, maana hata kinywaji cha "bure" anacholetewa mchezaji huambatana na dola moja au mbili za mhudumu.

Friji ndogo ya chumbani usiiguse. Baadhi zina vitambuzi: ukiinua chupa usome bei, imeshaingia kwenye bili.

Ukiamua kucheza (ni lazima uwe na miaka 21, si 18 kama hapa kwetu), angalia gurudumu la ruleti kabla ya kuketi. Lenye sifuri moja, kasino hubaki kwa wastani na Sh2.70 katika kila Sh100 unazoweka. Sifuri mbili, Sh5.26. Sifuri tatu, ambazo zimejaa kwenye meza za dau dogo, Sh7.69. Malipo ya kupatia namba ni yale yale, 35 kwa moja. Na ukipiga jakpoti kubwa ya sloti, mgeni hukatwa kodi ya asilimia 30 papo hapo. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukupunguzia.

Kabla hujapanda ndege, washa roaming kwenye laini yako ya Kenya. Ujumbe wa kuthibitisha malipo unakuja kwenye laini hiyo, na ukiiacha nyumbani utashindwa kulipa ukiwa na pesa. Kumbuka pia Nairobi iko mbele kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu. Matapeli wanalijua hilo: wewe umelala, mama anapokea ujumbe kwamba umekwama Vegas, atume pesa kwa namba ngeni haraka. Kubalianeni neno moja la siri na watu wa nyumbani. Asiyelijua, asitumiwe hata bob.

Siku ya kutoka, omba bili kamili uipitie hapo hapo mapokezi, kisha uipige picha. Wiki mbili zikiisha na salio halijarudi sawa, picha hiyo ndiyo utakayoituma kwa waliokupa kadi.