Kompyuta Ndogo ya Muziki Nyumbani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua Nyingine



Zipo nyumba ambazo redio kaseti imeondoka sebuleni, na mahali pake pamechukuliwa na kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani. Ndani ya kisanduku hicho mna kompyuta ndogo inayotumia mfumo endeshi wa Linux. Kazi yake ni moja tu: kuhifadhi nyimbo za familia na kuzipeleka kwenye spika, simu na televisheni za nyumbani kwa njia ya mtandao wa ndani. Kisanduku hicho kinaponyamaza, mwenye nacho huweza kuambiwa kwamba ubao umeungua na kwamba hana budi kununua mwingine. Pengine ni kweli. Lakini aghalabu kilichoharibika ni chaja, waya au kadi ya kumbukumbu, vitu ambavyo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya ubao.

Lipo pia jambo zito kuliko fedha. Chukua mfano wa familia iliyohamishia kwenye kifaa hiki kanda za marehemu babu: kaswida, taarabu ya harusi ya binti yake, na sauti yake mwenyewe akiwausia wajukuu. Kanda zenyewe zilikwisha kuota ukungu, zikatupwa. Kifaa kinapogoma, fundi mwenye haraka hufuta kadi na kuweka mfumo mpya. Muziki unarudi, lakini babu harudi. Makala hii imeandikwa ili mtumiaji ajue namna ya kutafuta hitilafu kwa utaratibu, asipoteze fedha yake wala kumbukumbu zake.

KIFAA CHENYEWE

Linux ni mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, na hutumika bila malipo ya leseni. Kompyuta ndogo inayojulikana zaidi katika kazi hii ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa nchini Uingereza Februari 2012. Juu ya mfumo huo huwekwa programu ya kupanga na kupiga muziki, kama vile MPD au Lyrion Music Server.

Kifaa hiki kina sifa mbili ambazo mnunuzi hujulishwa kwa nadra. Kwanza, hakina betri kama ya kompyuta mpakato; umeme ukikatika, huzimika papo hapo. Pili, kwa kawaida mfumo wake wote umo ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu, sawa na ile ya simu. Sehemu kubwa ya matatizo yaelezwayo hapa yanatokana na sifa hizo mbili.

Muziki ndani ya kifaa hiki husafiri kama maji ya bomba: umeme, kadi, mtandao, programu, kisha spika. Bomba likikauka, fundi mwenye busara haanzi kwa kuvunja ukuta; hufuata njia ya maji kutoka kwenye chanzo.

KANUNI TATU ZA KUANZIA

1. Usifute kadi wala kuandika chochote juu yake kabla ya kutoa nakala ya yaliyomo.
2. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha chaja na kadi kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu.
3. Andika kwenye karatasi ulichokiona na ulichokifanya. Karatasi hiyo itamsaidia fundi, na itakusaidia wewe endapo utalazimika kulalamika.

Amri chache zinazotajwa katika makala hii huandikwa kwa kuunganisha kibodi na televisheni kwenye kifaa, au kwa kuingia kwenye kifaa kutoka kompyuta nyingine kwa njia ya SSH. Ikiwa hujapata kufanya hivyo, hatua nyingi bado unaweza kuzitekeleza kwa macho na mikono tu.

HATUA YA KWANZA: UMEME

Dalili: kifaa hakiwaki, hujizima chenyewe na kuwaka tena, au muziki hukatika pale sauti inapopandishwa au diski ya nje inapochomekwa.

Chaja ya simu si lazima ifae. Raspberry Pi 4 huhitaji chaja ya volti 5 na ampea 3. Raspberry Pi 5, ili ifanye kazi kwa ukamilifu wake, hupendekezewa chaja ya volti 5 na ampea 5. Soma maandishi madogo yaliyo kwenye chaja. Hata maandishi yakiwa sahihi, waya mrefu na mwembamba hupunguza volti njiani, hivyo jaribu waya mwingine mfupi na mnene kabla ya kulaumu ubao.

Kifaa chenyewe hutoa ushahidi. Katika Raspberry Pi 3 na 4, taa nyekundu inapaswa kuwaka bila kupepesa. Ikizimika au kupepesa wakati kifaa kinafanya kazi, umeme umeshuka chini ya kiwango, yaani takriban volti 4.63. Ukiunganisha televisheni, huonekana alama ya radi kwenye kona ya skrini. Amri hii hutoa jibu la uhakika zaidi:

vcgencmd get_throttled

Jibu likiwa 0x0, umeme haujapungua tangu kifaa kilipowashwa. Jibu la 0x50000 maana yake umeme ulipungua wakati fulani na kifaa kikalazimika kupunguza kasi. Andika jibu hilo kwenye karatasi yako.

Diski ya nje ya kuzunguka huongeza mzigo. Milango yote ya USB ya Raspberry Pi 4 kwa pamoja hutoa ampea 1.2 tu. Diski inayotaka zaidi ya hapo ipewe umeme wake yenyewe.

HATUA YA PILI: KADI

Dalili: taa ya umeme inawaka lakini ile ya kijani, inayoonyesha kwamba kadi inasomwa, haipepesi, au nyimbo za zamani zinapigwa lakini mpya hazihifadhiki.

Zima kifaa, chomoa umeme, toa kadi, ifute kwa kitambaa kikavu na uirudishe. Tatizo likibaki, jaribu kuwasha kifaa kwa kadi nyingine iliyowekwa mfumo mpya. Kikiwaka, ubao wako ni mzima na hukuhitaji kununua mwingine.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Ukichomeka kadi hiyo kwenye kompyuta ya Windows, litatokea dirisha likisema kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Kadi haijaharibika. Windows haiwezi kusoma sehemu iliyopangwa kwa ajili ya Linux, basi. Usikubali. Funga dirisha hilo, kisha tumia programu ya kunakili kadi nzima, au fungua kadi kwenye kompyuta yenye Linux.

Tahadhari ya pili inahusu kadi bandia. Ipo kadi iliyoandikwa GB 64 ambayo kwa kweli ina GB 8, nayo imerekebishwa ili idanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Hupokea mafaili bila kunung'unika mpaka ujazo wake halisi uishe. Kuanzia hapo, yanayoingia hupotea au hufuta yaliyotangulia. Mtumiaji hugundua baada ya miezi, anapotafuta wimbo na kukuta faili lenye jina lakini lisilo na sauti. Kadi mpya ipimwe siku ile ile ya kununuliwa, ikiwa bado tupu, kwa programu ya H2testw katika Windows au F3 katika Linux. Programu hizi huijaza kadi yote, kisha huisoma upya kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichobaki.

Ili kupata picha ya ujazo unaohitajika: kanda ya dakika 60 ikihamishwa kwa ubora wa CD bila kubanwa huchukua takriban MB 635. Kadi ya kweli ya GB 64 huweza kubeba kanda 90 hivi pamoja na mfumo. Ile ya bandia yenye GB 8 haifiki 13 hata ikiwa tupu.

HATUA YA TATU: MTANDAO

Dalili: taa zote zinawaka ipasavyo, lakini simu inasema kifaa hakionekani.

Mara nyingi kifaa ni kizima ila kimehama anwani. Ruta inapozimika na kuwaka tena, huweza kukigawia namba tofauti na ile iliyohifadhiwa kwenye simu yako. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na utumie namba mpya. Kisha iagize ruta ikitengee kifaa namba moja ya kudumu.

Kama hakimo katika orodha, kiunganishe na ruta kwa waya wa mtandao. Kikionekana, tatizo liko kwenye Wi-Fi: neno la siri lililobadilishwa, umbali, au masafa. Raspberry Pi 3 Model B na Zero W hupokea masafa ya GHz 2.4 pekee, ukiiweka ruta kwenye GHz 5 tu, hazitaiona kamwe.

HATUA YA NNE: PROGRAMU NA DISKI

Dalili: simu inakiona kifaa, lakini orodha ya nyimbo ni tupu, au wimbo unagoma unapoguswa.

Tazama kwanza kama nafasi imejaa:

df -h

Sehemu ikionyesha asilimia 100, programu haina pa kuandikia na huweza kusimama. Ikiwa nyimbo zimo kwenye diski ya nje, hakikisha kwamba diski hiyo imo katika majibu ya amri hiyo. Ikiwa haimo, nyimbo hazijapotea. Mlango wa kuzifikia ndio uliofungwa. Zima kifaa kwa utaratibu, chomeka diski vizuri, kisha washa. Diski ikirudi, iagize programu ichanganue upya mkusanyiko wa nyimbo.

Kwa wanaotumia MPD, hali ya programu hujulikana kwa amri hii:

systemctl status mpd

HATUA YA TANO: SAUTI

Dalili: simu inaonyesha wimbo ukiendelea, lakini spika zimenyamaza.

Kagua kwanza spika kwa kuziunganisha na simu. Zikilia, rudi kwenye kifaa. Kompyuta hizi huweza kuwa na njia zaidi ya moja ya kutolea sauti, na huenda wimbo unapelekwa kwenye televisheni iliyozimwa. Amri ya aplay -l huorodhesha njia zilizopo. Ndani ya alsamixer, herufi MM chini ya mstari wa sauti maana yake sauti imefungwa. Bonyeza herufi M kuifungua.

Mnunuzi wa kifaa kipya azingatie kwamba Raspberry Pi 5 haina tundu la spika lililokuwamo katika Raspberry Pi 4. Atahitaji kadi ya sauti ya USB au kifaa kingine cha namna hiyo. Muuzaji mwaminifu hukueleza hilo kabla hujalipa.

KUKINGA NI BORA

Usichomoe kifaa kikiwa kinafanya kazi. Kizime kwa amri ya sudo poweroff au kwa kitufe cha kuzimia kilichomo katika programu, usubiri taa ya kijani itulie, ndipo uchomoe. Palipo na umeme wa kukatika mara kwa mara, betri ya akiba ndogo huokoa kadi nyingi.

Weka nakala ya nyimbo zako kwenye diski ya pili isiyochomekwa muda wote, na kwa rekodi zisizopatikana tena, nakala nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti. Badilisha neno la siri ulilokabidhiwa na muuzaji. Mifumo ya Raspberry Pi iliyotolewa kabla ya Aprili 2022 ilikuja na neno moja linalojulikana dunia nzima. Usifungue njia ya kukifikia kifaa kutoka intaneti bila msaada wa mjuzi.

UNAPOMPELEKEA FUNDI

Mkabidhi karatasi yako ya kumbukumbu na umwambie waziwazi, ikiwezekana kwa maandishi: "Usifute kadi bila ruhusa yangu." Afadhali zaidi, baki na kadi yako, fundi anaweza kupima ubao kwa kadi yake. Akisema ubao umekufa, mwombe auwashe mbele yako kwa chaja inayofaa na kadi nyingine. Kisha urudishiwe ubao wa zamani, kwani ni mali yako.

HAKI ZAKO

Dai risiti, na hakikisha imetaja jina la bidhaa na ujazo wa kadi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Kadi iliyoandikwa GB 64 huku ikibeba GB 8 ni upotoshaji, hata kama muuzaji naye aliinunua hivyo. Mrudie kwanza muuzaji ukiwa na risiti, kadi, kifungashio chake na matokeo ya kipimo. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo hivyo.

Tunakumbusha jambo moja la mwisho. Ubao hununulika, na kadi hununulika. Kabla ya kuanza hatua yoyote katika makala hii, jiulize ni kipi ndani ya kifaa chako kisichouzwa dukani, na ukitolee nakala leo, muziki ungali unalia.