Unyayo Mmoja, Dini Nne

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, karibu na Bara Hindi, kiko kisiwa cha Sri Lanka, ambacho hadi mwaka 1972 kiliitwa Ceylon. Ni mbali na kwetu, lakini bahari yetu ni moja, kwa hiyo nakihesabu kuwa jirani.

Nataka kuwaeleza wasomaji habari za mlima mmoja wa huko uitwao Sri Pada, maana yake Unyayo Mtakatifu. Urefu wake ni futi 7,359. Kileleni pana alama katika mwamba, mfano wa unyayo wa mtu, yapata futi sita kwa urefu. Wabuddha husema ni unyayo wa Buddha. Wahindu husema ni wa mungu wao Shiva. Waislamu husema ni wa Nabii Adamu, na Wakristo wengine husema ni wa Mtume Toma. Unyayo ni mmoja, na wenyewe ni wanne!

Mahujaji hupanda kuanzia mwezi mpevu wa Desemba hadi ule wa Mei. Chini yako mashamba ya chai, na juu yake msitu mnene. Wengi huanza safari usiku, wapate kuliona jua likichomoza. Ngazi zapita 5,000. Mahali fulani Wabuddha hutandaza uzi mweupe kando ya njia, kwa kukumbuka kuwa Buddha alisimama hapo kushona vazi lake. Kileleni, karibu na hekalu, kuna kengele: kila mtu huigonga kwa hesabu ya mara alizopata kupanda. Kisha jua hutokea, na kivuli cha mlima hulala juu ya mawingu kama pembe tatu.

Hija hii ni ya zamani sana. Mfalme Vijayabahu wa Kwanza, aliyetawala tangu 1055 hadi 1110, alitoa vijiji ili mazao yake yawalishe mahujaji. Na Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliupanda mlima huu mwaka 1344. Aliandika kuwa njia zilikuwa mbili, ya Baba na ya Mama, yaani Adamu na Hawa. Ya Mama ilikuwa nyepesi, lakini aliyepanda kwa hiyo hakuhesabiwa kuwa amehiji. Njia ya Baba ilikuwa na minyororo ya chuma ya kujishikia, na mmoja uliitwa mnyororo wa Shahada, kwa sababu aliyetazama chini kutoka hapo aliogopa kuanguka, akaitamka Shahada.

Mtu asidhani kuwa mlima umewaponya watu wa huko ugomvi wote. Tangu 1983 hadi 2009 nchi hiyo ilikuwa na vita, na watu wengi mno walikufa. Hata hivyo, watawa wa Kibuddha wautunzao unyayo huo hawamwulizi mgeni anaamini ni wa nani.

Sisi shuleni tu Wakristo na Waislamu, na mabishano ya dini bwenini hatuyakosi. Kwa maoni yangu, mahujaji wa Sri Pada hawajakubaliana hata leo, wala hakuna aliyeiacha imani yake. Wanachokubaliana ni kupishana kwa adabu katika ngazi moja. Hilo nasi twaliweza.