Pikipiki Ilale Wapi, na Mpunga Ulale Wapi?

Huku Kasongo na Kabambare wenye garaji ya gari ni wachache. Sisi tunagombania chumba cha pembeni: baba anataka kulaza pikipiki humo kwa kuogopa wezi, sisi tunataka kuweka mpunga na karanga. Mwishowe vyote vinalala pamoja.

Hapo ndipo hatari. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka kwenye mbabula au taa, nyumba ikawaka. Injini ikiwashwa ndani, hutoa sumu isiyo na harufu, inayoua. Tena matairi yaliyolowa huleta unyevu, karanga zikaota ukungu. Sumu ya ukungu huo huharibu maini, na kupika hakuiondoi.

Sisi tunaona chumba kiwe cha chakula: magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Pikipiki ijengewe kibanda karibu na dirisha, ifungwe mnyororo. Ikilazimu kulala ndani, ipoe kwanza, bidoni la esansi libaki nje, moto usiwashwe humo, na asubuhi isukumwe nje kabla ya kuwashwa.

Tuzungumze na baba leo, kabla ya mavuno.