Somo la Redio: Kuzuru Meli na Kutazama Ndani Yake

Natumaini mmekwisha kukaa, madaftari yapo tayari, na mwalimu anayo chaki mkononi. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya sita: nahodha, sitaha, ngama, shehena, ruhusa, orodha. Tutayakuta yote katika somo la leo, moja baada ya jingine.

Leo tutazungumza habari ya kuzuru meli. Nasema kuzuru, sisemi kusafiri. Msafiri hukata tiketi, hupanda, huketi karibu na mzigo wake, kisha hungoja kufika. Lakini anayezuru hufunguliwa milango ambayo msafiri hupita mbele yake tu. Huonyeshwa mahali anaposimama nahodha, yaani mkubwa wa meli. Huonyeshwa mitambo. Huuliza maswali, naye hujibiwa.

Katika nchi nyingi wapo watu wapendao meli kama wengine wapendavyo mpira. Huko Uingereza waliunda chama chao mwaka 1946, jina lake World Ship Society. Watu wa namna hiyo huandika habari za meli, huzipiga picha, na huwaomba wenye meli ruhusa ya kuingia ndani. Hapana sababu ya sisi kushindwa kufanya hivyo.

Pengine mmoja wenu anasema, "Sisi wa Sitalike tunalima mahindi na mpunga. Meli yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Kutoka hapa hadi Mpanda ni kama kilometa 35, na kutoka Mpanda barabara yaelekea magharibi hadi Karema na Ikola, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo ni refu kiasi cha kilometa 670, na mahali penye kina kikubwa lina mita zipatazo 1,470 kwenda chini. Nchi nne zina pwani zake hapo: Tanzania, Burundi, Congo na Zambia. Siku moja wewe, au mwanao, au mzigo wako wa mpunga, utapanda chombo majini. Ni heri kuijua meli kabla ya siku hiyo.

MELI ILIYOKUJA KATIKA MASANDUKU

Tuanze na meli iliyo mashuhuri kuliko zote katika ziwa letu, MV Liemba. Meli hii iliundwa na Wajerumani mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, kwenye kiwanda cha Meyer. Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani, nao waliipa jina la mtawala wao mmoja, Graf von Götzen.

Sasa fikiri jambo hili. Ziwa Tanganyika halikuungana na bahari kwa njia ambayo meli kubwa yaweza kupita. Basi meli ilifikaje? Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo masanduku yalipelekwa Kigoma kwa njia ya reli. Mafundi wakaunganisha kipande na kipande, na tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa majini.

Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipoona kwamba Kigoma itawatoka, waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini mafundi waliipaka mitambo mafuta mazito kwanza, ili maji yasiiharibu. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, wakaona kwamba mafuta yale yalifanya kazi yake. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa katika sehemu za kusini.

Tangu hapo imebeba watu, dagaa, mahindi na vitu vya kila namna kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Hapo mwanzo iliendeshwa kwa mvuke. Katika miaka ya 1970 ilitiwa mitambo ya dizeli. Mwezi wa Mei 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha Kagunga na kuwafikisha Kigoma. Katika miaka ya karibuni ilisimama kwa ajili ya matengenezo makubwa, kama inavyopasa chombo kilichopita miaka 100.

RUHUSA HUOMBWA KWA MAANDISHI

Haya, mmependezwa, mwataka kuzuru. Mfanyeje?

Ninyi wa Sitalike mwaijua kanuni hii kuliko watu wengi. Hapa kwenu ndipo penye lango na makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyofanywa hifadhi mwaka 1974. Mwawaona wageni kila mwaka. Mgeni haingii hifadhini kwa kuwa ana miguu. Hupita langoni, hueleza yeye ni nani, huandikwa, na mwenye kuijua njia huongozana naye. Meli nayo ni hivyo hivyo. Ina sehemu zenye moto, zenye umeme, na zenye vyuma vinavyozunguka. Mtu akiingia bila ruhusa hujihatarisha yeye na wengine.

Kwanza, chagueni watu wawili: mmoja wa kuandika barua na mmoja wa kutunza fedha za safari. Pili, ulizeni kwanza meli iko wapi: iko safarini, iko bandarini, au iko katika matengenezo? Msikodi gari kabla ya kulijua hilo. Tatu, chagueni bandari. Kigoma ndiyo bandari kubwa ya Tanzania katika ziwa hili, lakini ni mbali. Karema iko katika mkoa wetu wenyewe, nayo imejengewa bandari ya kisasa. Huko mwaweza kutazama gati na vyombo vitakavyokuwapo. Nne, andikeni barua. Barua nzuri ni fupi. Hii hapa ni mfano:

Darasa la Elimu ya Watu Wazima,
Sitalike,
Mkoa wa Katavi.
Tarehe .....................

Kwa Meneja,
Ofisi ya Meli,
Kigoma.

Bwana,

YAH: OMBI LA KUZURU MELI

Sisi ni wanafunzi 18 wa darasa la kusoma na kuandika. Tunaomba ruhusa ya kuizuru meli ikiwa bandarini, kwa muda wa saa mbili, siku isiyo na kazi nyingi. Tungependa kuona mahali pa nahodha, chumba cha mitambo, ghala ya mizigo na vyombo vya kuokolea watu. Tutafuata amri zote tutakazopewa. Orodha ya majina yetu imeambatishwa pamoja na barua hii.

Tutashukuru kwa jibu lako.

Wako,
(Sahihi)
Katibu wa Darasa

Tazameni barua hiyo. Imesema sisi ni nani, tu wangapi, twataka nini, kwa muda gani. Mkubwa wa ofisi akiisoma hana haja ya kuuliza tena. Jibu laweza kuwa ndiyo, laweza kuwa hapana. Likiwa hapana, shukuruni, kisha ombeni siku nyingine.

Na orodha ya majina kila mtu aiandike kwa mkono wake mwenyewe. Hata kama herufi zako bado zinapinda, andika. Sababu ya neno hili nitaieleza baadaye.

SIKU YA KUZURU

Siku ikifika, vaeni viatu vilivyofunika miguu, wala si kandambili. Vitenge na kanga zifungwe vizuri zisije zikanaswa. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Msivute sigara, na msiguse kitu msichoambiwa mguse.

Msikimbilie ndani. Simameni kwanza gatini mtazame ubavu wa meli, kwa maana hapo pana somo la hesabu. Karibu na maji mtaona namba zimepangwa kama ngazi, moja juu ya nyingine. Namba hizo huonyesha meli imezama kiasi gani. Katika meli zinazotumia vipimo vya meta, kila namba ina urefu wa sentimeta 10, na kati ya namba na namba pana nafasi ya sentimeta 10. Husomwa kwa chini ya namba. Maji yakigusa chini ya 4 iliyo juu ya meta 2, meli imezama meta 2 na sentimeta 40.

Basi tufanye hesabu. Asubuhi meli ilizama meta 2 na sentimeta 40. Jioni, baada ya kupakia shehena, yaani mizigo, ikazama meta 2 na sentimeta 80. Imeongezeka sentimeta ngapi? Naam, 40.

Ubavuni mwa meli nyingi pia pana mviringo uliokatwa katikati kwa mstari. Huo ni mpaka wa kupakia. Mbunge mmoja wa Uingereza, Samuel Plimsoll, alipigana miaka mingi ili alama hiyo iwekwe, kwa sababu wenye meli wengine walipakia kupita kiasi na mabaharia wakafa. Sheria ilipitishwa mwaka 1876. Mstari ukifunikwa na maji, meli imebeba kuliko uwezo wake. Kiboko wa mto Katuma huzama mpaka macho tu yakaonekana, naye haogopi. Meli si kiboko.

Sasa pandeni. Hapo mnaposimama, juu, panaitwa sitaha. Huko mbele na juu zaidi ndipo penye usukani na dira. Ndipo mahali pa nahodha. Mwulizeni huiendeshaje meli usiku, na hufanya nini upepo ukivuma ghafula. Kisha mtashushwa chini kwenye mitambo. Huko kuna joto na kelele, kwa hiyo maswali yenu yaulizeni kabla ya kushuka. Chini kabisa ni ngama, tumbo la meli, mahali ambapo maji yaliyopenya hujikusanya na kupigwa pampu. Mwulizeni fundi: pampu ni ngapi, nazo hukaguliwa lini?

Mwisho ombeni kuonyeshwa majaketi ya kujiokolea. Yamewekwa wapi? Ni mangapi? Ombeni kila mtu ajaribu kuvaa moja na kufunga kamba zake. Kulivaa mchana gatini ni rahisi. Usiku, watu wakipiga kelele na sitaha ikiinama, ataweza yule aliyekwisha kujifunza.

KWA NINI TWAJIFUNZA HAYA

Ndugu zangu, sasa nitaeleza habari ya majina. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha. Wale wa daraja la 3, waliolipa nauli ndogo, hawakuwa na orodha. Kwa hiyo hesabu kamili ya watu waliokuwamo haikupatikana, na jamaa wengi hawakuwa na karatasi ya kuwaambia ndugu yao alipanda au hakupanda. Tena mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa kimejaa kupita kiasi, na watu zaidi ya 200 wakafa.

Wewe huwezi kuiamuru meli. Lakini ukijua kusoma, waweza kufanya mambo matatu. Waweza kusoma cheti au kibao kinachosema chombo kimeruhusiwa watu wangapi. Waweza kutazama ubavuni ukaona mstari umefunikwa au haukufunikwa. Na waweza kuuliza, kwa adabu lakini bila kuogopa, "Jina langu limeandikwa?" Ukiona watu wamezidi, shuka. Nauli iliyopotea hupatikana tena.

Hii ndiyo sababu niliwaambia kila mtu aandike jina lake mwenyewe katika orodha ya kuzuru. Jina lililoandikwa sawasawa ni ushahidi kwamba ulikuwapo.

Mkirudi Sitalike, andikeni barua ya shukrani kwa waliowapokea, kisha kila mtu awasimulie watu wawili nyumbani mambo aliyoyaona.

MASWALI

1. Kuna tofauti gani kati ya kusafiri katika meli na kuzuru meli?
2. Liemba ilifikaje Kigoma?
3. Maji yakigusa chini ya namba 6 iliyo juu ya meta 2, meli imezama kiasi gani?
4. Ngama ni mahali gani? Kuna kazi gani hapo?
5. Mwandikie mkubwa wa bandari barua fupi, mistari isizidi minane, ukiomba ruhusa ya kuzuru. Weka tarehe na sahihi yako.

Mwalimu atasahihisha barua zenu, na iliyo wazi kuliko zote darasa liitumie kweli. Fanyeni kazi njema. Kwaherini mpaka somo lijalo.