Msamaha Usiokileta Kiwanda

Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 1990, kiwanda kinachozalisha kwa ajili ya soko la nje katika maeneo maalumu kama Athi River husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10, kisha hutozwa asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata. Ndiyo chambo kinachotajwa kwanza kwenye hotuba. Kwa maoni yangu, ndicho dhaifu kuliko vyote.

Kodi hiyo hutozwa faida, na kiwanda kichanga aghalabu hakina faida ya kutozwa. Ushuru wa forodha haungoji faida. Mwaka 2000 Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA, suruali ya pamba iliyoshonwa Kenya iliingia huko bila ushuru wa asilimia 16 na ushei. Kwa baadhi ya nguo za nyuzi za viwandani ushuru unafika 32. Tena kitambaa kiliruhusiwa kitoke hata China. Hapo ndipo cherehani zilipojaa Athi River na Mombasa, na makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakaajiriwa. Msamaha wa kodi ulikuwepo miaka kumi kabla.

Januari 2005, kota za kimataifa zilizozibana nguo za China zilipoondolewa, viwanda kadhaa vya Kenya vilifungwa. Msamaha wa kodi haukuwa umeguswa. Kwa mwenye godauni la kupanga, kuhama ni kupakia cherehani kwenye kontena.

Anayejenga mwenyewe hupiga hesabu nyingine. Hadi 2020, aliyewekeza angalau shilingi milioni 200 nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu aliweza kukata kwenye mapato yake asilimia 150 ya gharama za jengo na mashine. Ukitumia milioni 400 unakata 600. Kwa kodi ya asilimia 30, umeokoa 180. Kisichokatika mwaka huu hubebwa mwaka ujao. Nafuu ya namna hii humpata aliyekwisha kutia saruji ardhini, nami naiona bora kwa hilo.

Ila ilipima mashine, si mishahara: mtambo unaopunguza vibarua ulikatwa sawa na unaowaongeza. Na sheria ilisema nje ya miji hiyo mitatu tu, bila kutaja umbali. Ruiru, mwendo mfupi kutoka Nairobi kwa barabara ya Thika, ilipewa asilimia ileile iliyopewa Lodwar ya mbali.